Bingwa wa Kuruka Chini

Mwaka jana nilikuwa saluni Kibaoni, hapa Ifakara, nasukwa, televisheni ya ukutani ikawaonyesha watu wa Ulaya wanaoruka kwenye theluji. Mtu anafungiwa mbao mbili ndefu miguuni, anateremka mlima kama kichaa, halafu anajirusha hewani, mikono kaibana ubavuni, anakwenda tu, anakwenda. Wanawake wote wakashika vichwa. "Mama yangu weee! Huyo kwao wanajua kama yuko huko?" Msusi wangu akanivuta nywele, akasema, "Bingwa, si na wewe ulikuwa unaruka hivihivi?" Wakacheka. Mimi nikanuna.

Mji mzima wananiita Bingwa. Muuza nyanya ananiita Bingwa, bodaboda wa kule Katindiuka ninakokaa wananiita Bingwa, hata padri. Nimewakataza mpaka nimechoka. Wanadhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu gani? Kwetu hatuna ugonjwa huo. Silipendi jina lile kwa sababu ubingwa niliupata bila kumshinda mtu niliyepaswa kumshinda, na tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu: kuruka naye, mara moja, mbele ya mtu mwenye tepu ya kupimia.

Mchezo wangu ulikuwa kuruka chini, ule wa kukimbia, kukanyaga ubao na kujitupa mbele uangukie mchangani, wapime. Ila kijijini kwetu, si mbali na Namawala, mchanga wa maana haukuwepo. Ardhi ikiwa si tope, ni ngumu kama sakafu. Mwalimu wa michezo akatupeleka nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, penye lundo la pumba. Akalisawazisha kwa jembe, akazika ubao, akasema haya, rukeni. Pumba zinawasha jamani! Unazama mpaka magotini, zinakuingia kwenye sketi, puani, masikioni. Lakini hazivunji mtu. Nami niliwapita wasichana wote pale, na wavulana wengi tu, na maringo nilikuwa nayo, sisemi uongo.

Ndipo akaja yule binti wa wafugaji. Familia yake ilitoka huko Kanda ya Ziwa na ng'ombe wengi, wakajenga pembeni mwa kijiji. Mrefu, mkimya. Tulikuwa darasa la saba wote wawili, na enzi zile watu tulianza shule tumeshakua, kwa hiyo tulikuwa mabinti kabisa. Siku ya kwanza alisimama pembeni, anatuangalia. Mwalimu akamwambia ajaribu. Akavua ndala, akaja mbio, akapaa. Nasema akapaa, maana pale katikati kulikuwa na kitambo hakuwa anashuka. Alitua mbele ya alama yangu, hatua nzima na kitu. Mimi nikasema nina homa, nikaenda zangu nyumbani.

Nilimchukia wiki nzima. Halafu akanifuata mwenyewe kisimani, akaniambia, "Wewe unaangalia pale unapotaka kuangukia, ndiyo maana unaangukia palepale. Angalia bati la mashine." Nikaangalia bati la mashine, nikaongeza karibu hatua. Ukiendelea kumchukia mtu wa namna hiyo basi una roho mbaya tu. Tukawa marafiki wa kufa na kuzikana. Mimi nilimwita mama ng'ombe, yeye aliniita kambale. Kwao nilikunywa maziwa mpaka tumbo likanivuruga. Kwetu alikula samaki amefumba macho, anasema yule samaki anamkodolea.

Shule ikapewa nafasi moja ya msichana kwenda kwenye mashindano Ifakara. Mwalimu akasema tutaruka sisi wawili siku ya Ijumaa, apime, atakayemzidi mwenzake ndiye atakwenda. Nilijua atanishinda. Lakini nilikuwa nimeshamkaribia, na nilitaka kuona kwa macho yangu nimebakiza kiasi gani.

Katikati ya wiki ile ng'ombe waliingia mashambani, mpunga ndiyo kwanza unatoa masuke. Hawakuwa ng'ombe wa kwao peke yao, lakini ng'ombe hana jina usoni. Shamba letu ndilo lilikuwa la kwanza. Nilimwona baba amesimama katikati ya mpunga uliolala, kofia mkononi. Kwa hiyo asije mtu akaniambia baba yangu alikuwa mtu mbaya. Tungekula nini mwaka ule? Kwenye mkutano wa kijiji baba, ambaye hata harusini alikuwa haongei, alisimama akasema, "Ama ng'ombe, ama sisi." Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga. Wafugaji wakaambiwa wahame haraka.

Ijumaa nilikwenda penye pumba. Mwalimu alikuja na tepu mpya kabisa. Tukasubiri, tukasubiri. Wakapita watoto wakatuambia wale wa ng'ombe wameelekea mtoni tangu alfajiri, na mizigo yao yote. Mwalimu akaikunja tepu, akasema, "Basi, utakwenda wewe." Sikuambiwa hata niruke.

Nikaenda Ifakara, nikashinda. Nikashinda mkoani. Baadaye taifa, miaka kadhaa mfululizo, nikapewa kazi kwa ajili ya miguu yangu, nikapanda ndege, nikaruka kwenye nchi moja yenye baridi ya kutia ganzi, nikawa karibu na wa mwisho. Na kila nilipokanyaga ubao nilimwona yuko mbele yangu hatua moja na kitu. Kisha goti likasema imetosha. Baba alitundika picha yangu na medali juu ya picha ya Bwana Yesu, mama akagomba mpaka akaishusha. Kila mgeni alionyeshwa picha ile. Sikuwahi kumuuliza kama anamkumbuka yule binti. Baba amefariki sijamuuliza, na roho inaniuma mpaka leo.

Siku ile ya saluni nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Nikajiambia, mwanamke wewe, utakwenda nalo kaburini hili? Nikaanza kuulizia kwa wafanyabiashara wa ng'ombe, na wala haikuwa kazi. Yuko ng'ambo ya mto, upande wa Malinyi, ana banda la chakula mnadani. Miaka yote hiyo, ng'ambo tu! Nikavuka daraja siku ya mnada.

Nilimjua kwa mgongo, ameinamia sufuria. "Mwangaluka, mama ng'ombe," nikamsalimia kwa Kisukuma changu kibovu. Akageuka na mwiko mkononi. "Kambale!" Tulikumbatiana mpaka wateja wakaanza kulalamika. Akanikalisha kwenye benchi, akanimiminia supu, akanihesabia watoto na wajukuu. Alikuwa amenenepa, amependeza, hana kinyongo hata chembe. Nilipomtaja baba alisema tu, "Apumzike. Mpunga uliliwa kweli."

Ningenyamaza hapo. Lakini maneno yangu nilikuwa nimeyabeba siku nyingi mno, nikayamwaga yote: kwamba nafasi ilikuwa yake, ubingwa wake, medali yake. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Acha utani wako! Nilikusikia redioni, bingwa wa nchi nzima. Nikawaambia wanangu, mnamsikia huyo, nilicheza naye mimi. Mwenzangu, mimi nilikuwa naruka pumba tu. Watu wa taifa ningewafikia wapi?" Ndivyo alivyoamini, na alikuwa ameishi vizuri kabisa na imani hiyo.

Na mimi, kwa kichwa changu kigumu, nikataka kumthibitishia. Nikamwambia njoo nje nikuonyeshe. Nikaweka kisigino kwenye mguu wa benchi la nje, nikatembea juu ya vumbi, nikasimama pale ulipoishia mruko wangu mrefu kuliko yote niliyowahi kuruka maishani.

"Hapa," nikasema. "Ubingwa wote ule, mwisho wake hapa."

Akaliangalia benchi. Akaniangalia mimi. Akaliangalia tena benchi.

"Hapo tu?"

Hakuwa ananicheka. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Alikuwa anapima kwa macho, polepole, kama analiona tena lile lundo la pumba, na mimi nauona uso wake unavyoelewa. Mteja akaita chumvi, akaita tena, hakumsikia. Nilitamani nisogee mbele, niseme samahani, nimekosea, ilikuwa kule, mbali zaidi. Lakini alikuwa ameshapaona.