Fundi Baruti Kwenye Kitalu cha Miche

Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa fundi baruti wa machimbo ya mawe, na nilijiona mtu kweli kweli. Nikipuliza filimbi ya mlipuko, hata meneja alitimua mbio. Sikio langu la kushoto lilipokufa, daktari akasema baruti basi. Nikahamishiwa shimo la zamani, ambako mawe yalikwisha na sasa ardhi inarudishiwa udongo na miti. Msimamizi alinipa miezi sita na miche mia tatu. Mwishoni mkuu wa kitalu aseme kama nafaa. Akisema sifai, nirudi nyumbani na sikio langu moja.

Mkuu wa kitalu ni mama mkwe wangu.

Shimo hilo zamani lilikuwa kilima, na juu yake palikuwa na shamba na nyumba yake. Kampuni ilimlipa akahama, lakini aliyekipasua ni mimi, kwa mkono wangu, wiki mbili baada ya kumwoa binti yake. Hajawahi kunitukana. Ananiita tu "yule mlipuaji", hata nikiwa mezani kwake. "Mpeni yule mlipuaji maji."

Nilimwambia mke wangu asiwe na wasiwasi. "Unachimba tundu, unaweka kitu, unafukia. Si ndiyo kazi yangu hiyo?" Alicheka mpaka akakaa chini, nami nikadhani ananisifu.

Nilimaliza miche yote kwa siku nne. Wenzangu hawakuwa wamefika nusu, nikawapa ushauri bila kuombwa. Wiki ya tatu majani yakawa ya kahawia. Nikamwagilia, maji yakatuama juu kama kwenye sahani. Nikasema ni jua. Nikasema ni mbegu. Mchagua jembe si mkulima, na mimi jembe pia nililisingizia.

Mama mkwe alikuja, akashika mche mmoja, akauvuta. Ukatoka na udongo wake mzima, mgumu kama tofali.

"Ulishindilia na nini?"

Nikamwonyesha mti wangu wa kushindilia baruti, niliotoka nao kazini kama kumbukumbu. Tundu la baruti lisiposhindiliwa sawasawa, mlipuko unatokea juu bure.

"Mche huu umeupanda au umeutega?"

Kitalu kizima kiliangua kicheko. Niliona aibu mpaka sikio lililokufa likapata moto.

"Na jingine," akasema. "Ukishafukia, mbona unaondoka mbio?"

Ni kweli, na sikuwa najijua. Miche mia tatu, na kila mmoja nilikuwa nimeukimbia.

Akaninyang'anya ule mti, akaufanya nguzo ya kivuli cha miche. Tukaanza upya kwa vidole vitupu. Kila nikifukia, ananiambia, "Kaa hapo, uutazame." Nikawa nakaa. Siku za kwanza, sitaficha, nilikuwa nasubiri mlio.

Miezi sita ilipotimia, msimamizi akaja na daftari. Akahesabu miche hai: mia mbili na kumi na moja. Moyo ulinidunda kuliko siku yoyote ya baruti.

"Mama, huyu anafaa?"

Mama mkwe alinyoosha kidole juu, juu kabisa ya vichwa vyetu, hewani pasipo na kitu.

"Jiko langu lilikuwa pale."

Nikatazama. Miaka yote nilihesabu tani za mawe yaliyoanguka. Ile hewa sikuwahi kuiangalia. Roho iliniuma, na hapo sina mzaha.

"Mama," nikamuuliza, "hii miti itafika pale lini?"

"Mimi na wewe tutakuwa tumeshakuwa mbolea." Kisha akamgeukia msimamizi. "Andika anafaa. Mkwe wangu bado ana kazi hapa."

Nilisikia vizuri sana. Hata hivyo nikamgeuzia lile sikio zima, nikajifanya sijasikia, ili arudie.