Hatua Zinazofaa: Miaka Yangu na Bwana Munganga wa Malale

Siku ya kwanza ya kazi yangu, pale Kasongo, Bwana Munganga, ndivyo tulivyomwita daktari, alinikalisha mbele ya mashini ya kuandika akanipa sentensi ndefu kuliko barabara ya Kabambare. Niliipiga mpaka karatasi ikaisha, na bado sikujua ameona nini. Nilimwuliza kwa adabu habari yenyewe iko wapi. Alikasirika.

"Habari iko mwisho," alisema. "Kwanza njia tuliyopita, kisha tulichokiona. Hiyo ndiyo sayansi."

Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, sina hata ndevu, nikaona ni haki yake. Sikujua kwamba huo mwisho wake utanitesa miaka yote ya utumishi wangu.

Ninyi vijana mnaofanya kazi na watafiti mnadhani shida ya kuwafanya wakubwa wa serikali wasikie imezaliwa juzi. Sisi tulikuwa nayo enzi za Wabelgiji, tena katika matope, na baiskeli isiyo na breki.

Munganga wangu alikuwa daktari mtafiti wa malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na nzi aitwaye mbung'o. Kazi ilikuwa hivi: watu wa kijiji wanapangwa mstari, mwuguzi anawapapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Akizipata anazichoma sindano, tone la maji linawekwa juu ya kioo, na Munganga anaangalia kwa darubini kama vijidudu vimo. Mimi nilikaa kando nikiandika anachotamka. Baadaye nilipiga ripoti kwa mashini, nakala tatu kwa karatasi za kaboni: moja yake, moja ya wakubwa wake wa utabibu, na moja ya Bwana AT, yaani mkubwa wa teritware, mnayoweza kuiita wilaya. Huyu wa mwisho ndiye aliyeweza kuhamisha kijiji au kufunga njia kwa sahihi yake tu. Jina lake silitaji, wala teritware yake siisemi. Wa namna yake walikuwa wengi.

Kabla hatujafika kwenye teritware hiyo, serikali ilikuwa imeshusha vijiji kutoka milimani na kuvipanga kando ya barabara, ili watu wa kodi na wa pamba wasichoke kupanda. Kijiji cha mume wa dada yangu mkubwa, yaya Zaina, kilishushwa hadi kwenye kivuko cha mto Luama. Miti ilifunika maji hata saa sita za mchana palikuwa kivuli, na mbung'o walikuwa wamejaa tele. Watu walikuwa wakivuka pale tangu zamani, lakini hakuna aliyewahi kujenga.

Tulipowapima, Munganga alitoa jicho kwenye darubini akaniamuru niandike. Wagonjwa walikuwapo. Yaya Zaina alikuwa bado mzima. Aliniita nyuma ya jiko lake.

"Mudogo wangu, huyu Muzungu wako ameona nini?"

"Ameona ni hawa nzi, yaya. Ataandika, mutarudi mulimani."

"Basi aandike mbiombio. Mimi niko na watoto."

Kuandika aliandika. Mbiombio hakujua. Ripoti ilianza na majina ya Kilatini ya nzi, ikaingia kwenye aina za majani, ikapima unyevu wa kivuli, ikabishana kurasa kadhaa na daktari mwingine ambaye hata Kongo hakuwa amefika. Kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, mstari wa chini, ilisema hatua zinazofaa zichukuliwe. Basi.

"Bwana," nilimwambia, "kwa nini tusiseme kijiji kirudi mlimani?"

"Sayansi haiamrishi, Amisi. Sayansi inaonyesha. Kuamua ni kazi ya serikali."

Nilitamani kuuma meza. Hata kwetu, ukienda kwa mjomba kuomba mbuzi, unasema mbuzi. Ukimwambia, "Mjomba, fanya inayofaa," atakupa kuku na kukuombea safari njema, na huna la kulalamika.

Ripoti niliipeleka mwenyewe. Bwana AT aliipima mkononi kama mnunuzi wa samaki.

"Amisi, Munganga yako anazani mimi iko na kazi ya kusoma tu? Iko barabara, iko kodi, iko pamba, iko wafungwa. Anataka nini?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini wakati ule karani mweusi hakumwambia AT jambo ambalo daktari mweupe hakuliandika. Angeonja fimbo, na ripoti ingetupwa pamoja naye.

"Imeandikwa mwisho, Bwana."

Hakufika mwisho. Aliigonga muhuri, akaiweka juu ya nyingine.

Mvua zikaja, na pamoja nazo mbegu za pamba. Hapo lazima niwaeleze jambo ambalo Munganga hakutaka kulijua hata kidogo. Mbegu ya pamba ikishaingia ardhini, mashamba yameshapimwa na kuandikwa, hakuna AT aliyekubali kijiji kihame mpaka mavuno. Ukitaka kijiji kihame, omba kabla ya mbegu. Yeye alileta ripoti yake ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, watu wakiwa tayari wanapalilia! Nilimsumbua, nikamsumbua tena, mpaka akakubali walau kumwalika AT aje akione kivuko kwa macho yake.

AT alikuja juu ya kipoyi, kile kiti cha miti, amebebwa mabegani, akashukia kwenye jite, nyumba ya wasafiri wa serikali, ambayo ilijengwa palepale mtoni. Mbung'o hawakumwuliza cheo. Walimwuma shingoni, wakamwuma miguuni juu ya soksi, akawa anarukaruka mbele ya watu wake. Na Munganga, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema kama binadamu:

"Nzi hawa wanaua. Usilale hapa."

"Kumbe! Sababu gani haukusema zamani?"

Zamani! Kama mashini ya kuandika ingekuwa karibu, ningeitupa Luama.

Tulirudi Kasongo. Siku si nyingi barua ya AT ikafika, fupi na ya heshima, ikisema hatua zinazofaa zimechukuliwa. Munganga aliipunga hewani kwa furaha.

"Unaona, Amisi? Ameelewa!"

Nilichukua baiskeli nikaenda kuangalia. Jite ilikuwa imebomolewa na kujengwa upya juu kilimani, penye upepo, na ua umefyekwa vizuri. Watu wa kijiji cha yaya Zaina ndio waliobeba miti na nyasi kupanda nazo. Walipomaliza kazi, walishuka kulala mtoni kama kawaida.

Yaya Zaina mwenyewe nilimkuta ameketi na mihogo mapajani, kisu mkononi, amesinzia. Nilimwamsha akanitazama kwa muda kabla ya kunijua. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimeiandika mara nyingi mno kwa mkono wangu.

Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka nilisimama mbele ya Bwana Munganga bila kuvua kofia.

"Ameelewa nini, Bwana? Ameelewa kwamba yeye asiumwe. Uliomba inayofaa, akafanya inayomfaa."

Nilingoja anifukuze. Hakunifukuza. Aliuliza kuhusu dada yangu, nikamwambia. Akakaa, akachukua kalamu, akaandika mwenyewe karatasi moja isiyojaa. Ilisema kijiji cha kivuko kirudi mlimani baada ya mavuno ya pamba na kabla ya mbegu mpya. AT ndiye atoe amri. Wasipohama, mwaka ujao hakutakuwa na mtu wa kulima pamba pale. Hakuna Kilatini. Bwana AT aliisoma akiwa amesimama, akatia sahihi.

"Hii sasa ni karatasi," alisema.

Kijiji kilihama. Yaya Zaina alikuwa lazareti, kambi ya wagonjwa wa malale, akichomwa sindano. Dawa ya wakati ule iliua vijidudu, lakini wengine iliwachukua macho. Ilimponya yaya, ikamchukua macho. Alipanda mlimani ameshikwa mkono na mtoto wake wa kwanza.

Baada ya hapo niliwatumikia wengine: bwana wa udongo, bwana wa mihogo, na mmoja wa magonjwa ya ng'ombe aliyekuwa mbaya kuliko wote. Kila mmoja nilimwuliza, kabla sijagusa mashini: nani afanye nini, na lini? Walinichukia. Mmoja aliandika kwamba mimi ni karani mjuaji. Kisha bendera ikabadilika, wakubwa wakawa weusi, ripoti zikabaki zilezile. Nikastaafu nimechoka, nikajenga mlimani karibu na yaya.

Bado wanakuja. Hivi karibuni alikuja mtafiti kijana, mwenye heshima na viatu vizuri, kuniomba nisikilize ripoti yake kuhusu maji mabaya huko machimboni, upande wa Salamabila, kabla hajaipeleka kwa wakubwa. Alisoma barazani kwangu. Alisoma mbinu, akasoma mipaka ya mbinu, akasoma waliyosema wengine. Yaya Zaina alikuwa kando, anabangua karanga kwa vidole. Mwisho hakuvumilia.

"Mutoto wangu," alisema, "na hao watu, leo wanakunywa nini?"

Kijana akaanza kufunua kurasa kutafuta.