Paji la Uso Kutoka Kanada

Kwa wiki kadhaa dada yangu mkubwa alikuwa na mchumba aliyeishia puani. Nywele zilikuwepo, paji la uso lilikuwepo, tena pana, la kutosha kuanikia maharage. Nyusi mbili, macho mawili, nusu ya pua. Hapo laini ya simu inakatika, na yule kijana wa Kanada anabaki amening'inia kwenye kioo cha kompyuta kama mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani.

Nasema wa Kanada, lakini alikuwa wa Goma. Tulikaa nao uzio mmoja kabla hatujarudi Rwanda. Yeye na yaya, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, walicheza juu ya yale mawe meusi ya volkano mpaka magoti yao yakawa na rangi ya mawe. Kisha vita vikatupepeta. Sisi tukaangukia hapa Gisenyi, wao wakaangukia mbali zaidi, na yeye akaishia kwenye chuo fulani katikati ya theluji. Sasa baba yake mdogo, anayekaa Mbugangari, alikuwa ametuma neno: Jumapili wazee watakuja kuuliza kama yaya anamkubali. Kuuliza tu. Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu tayari, isipokuwa mwenyewe.

"Mi siwezi kusema ndiyo juu ya habari ya watu," alisema. "Nataka nimuone. Kama bado iko yeye, nitajua."

Alichokuwa anakitafuta ni kovu kidevuni, refu kama njiti ya kiberiti. Kijana alilipata utotoni, siku mbuzi mweusi wa bibi yetu alipomsukuma kutoka juu ya jiwe. Hivyo ndivyo sote tulivyojua. Yaya alikifunga kile kidonda kwa kitambaa chake cha kichwa, na kila akiisimulia siku hiyo sauti yake inashuka, unajikuta unasogea karibu. Kijana alikuwa ameandika kwamba picha yake ipo kwenye ukurasa wa chuo, aifungue tu. Aifungue tu! Kama vile mtu anasema fungua dirisha.

Mwaka wa tisini na tisa, nyumba yenye intaneti Gisenyi ungeitafuta kwa tochi saa sita mchana. Yetu ilikuwa nayo kwa sababu ofisi ya mama ilimpa kompyuta atume ripoti Kigali. Ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kitoto cha kubatizwa. Pembeni yake kulikuwa na modemu, kisanduku chenye vitaa vyekundu, kilichoungwa kwenye waya wa simu. Ukikiwasha kilipiga simu Kigali chenyewe, kisha kikalia kama jogoo aliyemeza filimbi. Mimi ule mlio niliupenda. Nililala kwenye mkeka, nikafumba macho, nikauona unatoka dirishani, unapita juu ya paa za mji, unapanda milima ya chai, unashuka Kigali umechoka, unauliza njia ya Kanada.

Halafu, "Ayi! Imekatika!"

Picha ilikuwa inashuka kutoka juu, mstari kwa mstari, polepole kiasi kwamba ungeweza kumpenda mtu na kumchoka kabla hujafika kwenye masikio yake. Na ikikatika, inaanza upya. Nywele tena. Paji tena.

"Yaya, mwambie atembee na kichwa hicho tu," nilimshauri. "Hiyo ingine ya chini ataleta siku ya harusi."

"Mi nitakupiga na kiatu, we."

Tuliita mtaalamu. Alikuwa binamu yetu aliyekulia Kampala, aliyesema "no problem" hata mbele ya nyumba inayoungua. Alipuliza tundu la simu. Akasugua meno ya plagi kwa petroli, sebule ikanuka kama gereji. Akaihamisha modemu kutoka mezani hadi juu ya kabati, akaamuru redio izimwe, pasi ichomolewe, na mimi niache kupumua karibu na mashine. Akabadilisha waya mzima wa ndani. Jioni ile mama akatuma ripoti yake, ndefu, yenye majedwali, ikaondoka kama imepakwa mafuta.

"No problem," alisema binamu.

Kesho yake alasiri yaya akakaa. Nywele. Paji. Nyusi. Ayi!

Hapo bibi, ambaye sote tunamwita Nyogokuru, akaanza kutikisa kichwa. Mama akitumia, laini iko. Binamu akijaribu asubuhi, laini iko. Yaya akikaa tu na kijana wake, laini haiko.

"Laini inakataa hii ndoa," alisema Nyogokuru. "Mi sisemi kitu. Mi naangalia tu."

Nilicheka, lakini yaya hakucheka. Usiku huo hakula. Aliniuliza, mimi, mtu anayechekesha hata kwenye misa, kama nadhani inawezekana. Nikamsogezea sahani yake, akairudisha. Ilikuwa Ijumaa inakuja, halafu Jumamosi, halafu wazee.

Ijumaa nilirudi kutoka shule mapema, kwa sababu ambazo mwalimu wa hesabu anazijua, nikapanda mparachichi wetu. Ule mti una tawi moja lililojipinda kama kiti cha mfalme mvivu. Ukilala pale unaliona ziwa lote, na mitumbwi ya Rubona ikiwa midogo kama maganda ya karanga, na moshi wa volkano umesimama juu ya Goma bila haraka. Upepo wa ziwa huja saa kama ile. Huja taratibu, unanusa kila ua.

Yaya alikuwa amemaliza kufua. Hiyo ilikuwa sheria ya Nyogokuru: kwanza nguo, halafu mashine. Akaanika mashuka, akafuta mikono, akaingia ndani. Nikausikia mlio wa jogoo wetu. Chini yangu shuka jeupe likavuta pumzi, likajaa, likainuka kama lina safari.

"Ayi! Imekatika!"

Shuka likalegea. Jogoo akalia tena ndani. Nikawa nasinzia. Upepo ukaja, shuka likajaa tumbo.

"Ayi! Mungu wangu!"

Mara ya tatu nilifumbua macho yote mawili. Nililitazama shuka. Nikatazama lilipoanikwa. Lilianikwa juu ya waya wa simu.

Tangu tuhamie nyumba hii tulikuwa tunaanika pale. Waya ulitoka kwenye nguzo, ukapita katika matawi ya mparachichi, ukaingia ukutani karibu na dirisha. Kamba yetu ya katani ilikatika zamani, na Nyogokuru akasema waya wa serikali hauwezi kukatika. Simu ilikoroma, sawa, lakini sisi tulidhani simu hukoroma, ndivyo zilivyoumbwa. Chini ya paa palikuwa na kiungo, nyaya mbili zilizosokotwa na kufungwa mfuko wa plastiki uliochanika. Mashuka yakichuruzika, maji yalifuata waya hadi pale, na picha ikatambaa. Upepo ukivuta, kiungo kikaachia. Mama alitumia mashine jioni, nguo zimeshaanuliwa. Binamu alijaribu asubuhi, nguo bado ziko kwenye beseni. Yaya peke yake alitii sheria: kwanza nguo, halafu mashine. Kila siku alimfunga mchumba wake mdomo kwa mashuka yetu.

Niliteremka bila kutumia matawi yote.

"Nyogokuru! Ndoa inakataliwa na suruali zetu!"

Hawakuniamini, na siwalaumu. Ilibidi nisimame nje na mpini wa ufagio, niinue shuka, nilishushe, niinue, huku binamu akipiga kelele dirishani: "Iko! Haiko! Iko! Haiko!" Mwishowe akatoka, akaupanda ukuta, akakisokota kiungo upya na kukifunga kwa utepe mweusi. Safari hii hakusema "no problem".

Jumamosi beseni la nguo lilikaa uani limejaa, na Nyogokuru akaligeuzia mgongo kama mtu anayefumbia macho dhambi. Tukakaa wote mbele ya mashine. Nywele. Paji. Nyusi. Macho. Pua, yote! Yaya alinishika mkono, kucha zikaingia. Mdomo ukaja, unacheka kidogo. Halafu kidevu.

Kidevu hakikuja. Zilikuja ndevu. Ndevu nyingi, nyeusi, mpaka kwenye kola ya koti.

"Yaya," nilisema taratibu, "unaolewa na kichaka."

Hakunipiga. Aliangalia muda mrefu, kisha akaandika maneno matatu tu: "Iko wapi kovu?" Akayatuma. Huko ilikuwa asubuhi, mtu labda anakunywa chai. Tulingoja, mtandao ukipumua kwenye vitaa vyake vyekundu, laini imetulia kama ziwa lisilo na upepo. Jibu likaja. Nilikuwa karibu zaidi, nikalisoma kwa sauti kabla yaya hajanizuia:

"Kovu iko chini ya ndevu, huku baridi ni kali. Lakini we unaniuliza kovu? Ni weye ulinisukuma. Mi sikuambia mutu, hata mama. Nilisema ni mbuzi."

Yaya alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, na haikujulikana ni kicheko au ni nini. Kati ya vidole vyake akasema, polepole sana, "Ni yeye."

"Mbuzi yangu!" Nyogokuru alisimama. "Tulimukula Noeli ile juu ya kusukuma mutoto wa watu!"

Nikalikumbuka paja la yule mbuzi. Lilikuwa tamu sana.

Jumapili wazee wa Mbugangari walikaa kwenye viti vyetu vizuri, wakazunguka maneno, wakafika kwenye swali. Yaya akasema ndiyo, na hakuisema kwa sauti ndogo. Nyogokuru akakohoa.

"Lakini kutakuwa na mbuzi moja mweusi. Hiyo haihesabike kwa zingine za mahari. Ni yangu."

Wazee wakaangaliana. "Mweusi?" mmoja akauliza.

"Mweusi," yaya akajibu akitazama miguu yake. Nje ya dirisha waya wa simu ulikuwa umelala hewani mtupu, bila hata soksi.