Mashahidi wa Bastola Yangu

Kabla ya bastola niseme kwanza habari ya koti, maana bila koti bastola ningeiweka wapi. Lilikuwa koti zito la kijivu, nililopewa kanisani nilipofika Sweden. Mimi ni Mwislamu, na wao walijua, wakanipa hivyo hivyo. Mifuko yake mirefu, mkono unazama hadi karibu na kiwiko.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa nafagia uwanja wa ndege, nakaa Märsta, chumba kimoja na jiko, peke yangu. Kutoka stesheni hadi nyumbani kuna kijia kinachopita katikati ya misonobari, na majira ya baridi giza linaingia mtu hajashiba hata chakula cha mchana. Siku moja vijana watatu walevi walinizuia pale. Walinivua kofia, wakanipiga, jino la mbele likakatika. Jino sikulililia. Kilichonikaa ni neno la yule mrefu: "Tunajua unapopita." Nami njia nyingine sikuwa nayo.

Rafiki nilikuwa naye mmoja, Mkenya, dereva wa gari la mikate, anakaa Skärholmen. Nikamwambia nataka bastola.

"Wewe?" akacheka. "Ndugu mjamaa, si wewe panya akipita unapanda kitini?"

"Nisindikize, maneno mengi ya nini."

"Haya twende. Lakini ukiipata usije nayo kwangu, bwana, mimi nina watoto."

Mwenye duka la bunduki, mzee wa miwani, alinitolea mbili, tupu, akazilaza juu ya kitambaa cha kijani. Moja ilikuwa na tumbo la duara linalozunguka, nyingine bapa. Mimi nikachagua kama ninavyochagua viatu, kwa kuvaa. Ile ya tumbo ikatuna mfukoni kama nimeiba nazi. Ile bapa ikazama vizuri, haionekani kabisa, nikatembea nayo mpaka kwenye kioo na kurudi. Halafu nikakumbuka baridi, nikavaa glavu nijaribu kuichomoa. Kidole kikagoma kuingia penye kifyatulio.

"Hakuna yenye nafasi zaidi hapa?" nikauliza.

Mzee alikuwa ameganda, mkono ameunyoosha. "Irudishe, tafadhali." Nikairudisha. "Unapiga shabaha klabu gani?"

"Sina klabu. Ni ya kujilinda njiani."

Akazifunika zote mbili kwa kitambaa. Alitueleza kwa upole, rafiki yangu akitafsiri nisiyoyaelewa. Bastola ni kwa kibali cha polisi, na kwa kujilinda njiani mtu kama mimi hapewi, sembuse kutembea nayo mfukoni. Labda awe mpiga shabaha, tena klabu ikae naye kwanza, watu wanaomjua waseme ni mtu wa namna gani.

Katika yote hayo nilishika hilo la mwisho tu: watu wanaonijua. Mimi shule niliacha darasa la nne, lakini mjumbe wa nyumba kumi ninamfahamu. Kwetu ukitaka jambo serikalini unaanzia kwake, anasema huyu ni wangu, hana fujo, basi mambo yanakwenda. Nikaona nitatafuta mashahidi kwenye jengo ninalokaa niwapeleke polisi.

"Bwana, hapa mjumbe ni nani?" rafiki yangu akauliza.

"Kama mjumbe hayupo, majirani wapo."

Jumapili mchana nikavaa suti, nikaanza kubisha hodi. Mlango wa kwanza waliniambia hawanunui kitu. Wa pili mama alisemea ndani kwamba mume wake yupo, nami sikuwa nimemuuliza mume. Wa tatu alitoka bwana mmoja, akanitazama vizuri, akasema, "Karibu kwenye jengo. Umehamia lini?" Sofa lake nilimsaidia mimi kulipandisha ngazi alipohamia yeye. Nikamjibu, "Juzi juzi."

Ukabaki mlango wa ubavuni kwangu. Bibi mzee alifungua kidogo, mnyororo haukutoka. Shikamoo ilinijia mdomoni, nikainamisha kichwa badala yake.

"Unanijua?" Ndivyo lilivyonitoka.

"Kwa sura, hapana. Nazijua funguo zako, huwa unaziangusha. Nikizisikia najua kuna mtu upande wa pili, sina haja ya redio, naizima." Akaushika mnyororo. "Siku ile ulipita unagonga gonga ukuta, unalia. Nilisimama hapa hapa."

"Mbona hukufungua?"

"Niliogopa."

Nilikuwa nimekuja kumwomba akaseme polisi kwamba sina fujo. Nikauona mkono wake bado umeushikilia mnyororo, na mimi ndiye niliyesimama mbele yake. Nikasema nimekuja kusalimia tu.

Bastola sikuitafuta tena, na klabu sikwenda. Kile kijia nilikipita kila siku, roho juu, mikono imezama kwenye mifuko mitupu. Nikifika mlangoni naziangusha funguo, sasa kwa makusudi, redio inazimwa, naingia. Mlango wake haukupata kufunguliwa wote, na mimi sikubisha tena.

Halafu akahamishiwa nyumba ya wazee. Hakuna aliyeniambia wakati ule, na nani angeniambia. Nilirudi kutoka kazini siku hiyo nikaangusha funguo. Kimya kilikuwepo tangu mwanzo, hapakuwa na redio ya kuzimwa. Nikaziokota, nikaziangusha tena, kwa nguvu kidogo.