Baiskeli Kando ya Ziwa

Tangazo la dawa ya kisukari lilimfikia mama mdogo kwenye simu, limetumwa na binamu yangu aliyeko Marekani. Mwanamke wa makamo anaendesha baiskeli kando ya ziwa, anacheka, sukari yake imetulia. Mwishoni sauti inataja madhara, mbio mbio kama ya dalali.

Mama mdogo alikuwa ametoka Tanga kuja kukaa nasi Toongabbie, Australia. Alimwomba binti yangu amfasirie. Binti yangu anasikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Baiskeli aliieleza vizuri. Ilipofika ile sauti ya mwisho akasema, "Too fast, Bibi."

"Basi nipeleke kwa daktari aniandikie hiyo," mama mdogo aliniambia.

Nafasi ya karibu ya kumwona daktari ilikuwa baada ya wiki mbili. Sikuona ubaya wa kungoja. Hapa Australia dawa za kuandikiwa na daktari haziruhusiwi kutangazwa kwa watu wa kawaida, na kazini tulikuwa tukibishana kuhusu sheria hiyo. Mimi nilisema mgonjwa ana haki ya kujua.

Wiki ya pili nikaanza kumchunguza. Alikunywa maji bila kukata kiu. Alasiri alisinzia kitini, mdomo wazi. Nikafungua kisanduku chake cha vidonge.

"Mama mdogo, mbona vimejaa?"

"Nimeviacha. Dawa hazichanganywi, mwanangu. Ukitaka kwenda kwa mganga mpya, kwanza dawa ya yule wa zamani iutoke mwili. Hukufunzwa kwenu?"

"Hizi si za mganga."

"Kwani mwili unajua?"

Nilimtoboa kidole nimpime sukari. Kipimo hakikutoa namba. Kilionya tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kupima. Nikaita gari la wagonjwa.

Hospitalini, dripu ikishuka, daktari alieleza nami nikafasiri polepole: dawa ile mpya, kama ingemfaa, huenda angeongezewa juu ya vidonge vyake. Hakupaswa kuacha chochote bila kuambiwa.

Mama mdogo alimsikiliza hadi mwisho. "Wangeanza na hilo," akasema, "baiskeli ingefuata."

Nilipomfasiria, daktari alicheka. Mimi sikuweza, nilikuwa nikimtazama muuguzi akimtoboa kidole tena. Safari hii namba ilitokea, kubwa bado. Simu ya mama mdogo ikalia ndani ya mkoba. Binamu alikuwa ametuma video nyingine. Niliizima simu kabla mama mdogo hajauliza ni nani.