Mahudhurio niliyopitisha mwenyewe ndiyo yaliyoihamisha timu yetu ya Magindu

Wakuu, salaam. Sijatia chumvi hata punje. Anayetaka kunitukana anitukane tu, mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Mimi ni mtu wa Magindu, Kibaha vijijini. Tulikuwa na timu ya mpira, Machungani, timu ya wanachama, tuliyoipandisha ligi kwa jasho letu.

Uwanja alitoa baba yangu mdogo. Aling'oa mihogo yake, akapima kwa hatua, akasema haya chezeni. Mimi nilikuwa katibu.

Msimu ulipoanza akaja mfadhili kutoka Dodoma. Mstaarabu, shikamoo kwa kila mzee. Akaitisha mkutano, tukala pilau, akatuahidi jezi na basi.

Sasa mnajua mikutano yetu. Karatasi ya mahudhurio inapita, unaandika jina, unasaini, unampa wa pembeni. Nani anasoma mahudhurio?

Karatasi za siku ile mfadhili alikuja nazo mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa na maandishi juu, kama mistari mitatu hivi. Sikuyasoma. Nikazipitisha kwa mbwembwe zote za ukatibu.

Baba mdogo hajui kusoma wala kuandika. Nikamshika dole gumba, nikalichovya kwenye wino, nikaligandamiza mbele ya jina lake.

Katikati ya msimu tukasikia timu inahamia Dodoma. Tukacheka. Timu ya wanachama itahamaje bila wanachama?

Tukaenda watu watano kwa wasimamizi wa ligi. Wakatoa faili. Juu ya karatasi pameandikwa: sisi tuliosaini hapa tumeridhia timu ihamie Dodoma msimu ujao. Jina la kwanza langu. La pili la baba mdogo, na dole lake limetoka safi kabisa.

Nikasema, "Haya ni mahudhurio."

Dada mmoja wa ofisini akanijibu taratibu, "Kaka, soma."

Aisee, nikasoma.

Mechi zilizobaki zilikuwa kama kukaa na mgonjwa ambaye hospitali wameshasema mrudisheni nyumbani. Watu walikuja, ila ngoma haikupigwa tena.

Ya mwisho tulicheza ugenini, Kisarawe. Baba mdogo akasema lazima aende. Tulishinda moja bila, na hakuna aliyeshangilia. Wachezaji wakampa mkono mmoja mmoja, wengine wanalia, wakapanda basi. Basi halikurudi Magindu.

Tulipobaki wawili akaniuliza, "Mwanangu, ile karatasi ilisemaje?"

"Sikuisoma, baba."

"Na mimi macho yangu ni wewe."

Bora angenigombeza.

Uwanja sasa umeota majani. Mihogo hajairudisha, na mimi sina uso wa kumwuliza kwa nini.

Juzi balozi wetu wa nyumba kumi alipita kuandikisha watu wa kupewa vyandarua. Alipomfikia baba mdogo na karatasi na wino, mzee akakunja dole gumba ndani ya ngumi, akaficha mkono chini ya kanzu. Nikamwambia baba, hii nimeisoma yote. Akamwambia balozi, "Nenda nyumba nyingine."

Wakuu, funzo ni dogo na limenigharimu: soma kabla hujasaini, na ukimshikia mtu dole, soma mara mbili.

Kama kuna anayejua namna ya kuirudisha timu iliyoondoka kwa saini za wenyewe, aandike hapa chini. Hata kejeli nitazisoma, siku hizi nasoma kila kitu.

Baba mdogo bado analala bila chandarua.