Kisanduku cha Jina la Ukoo

Ingrid hutengeneza programu za kompyuta, na kwa kujiamini sijaona mwenzake. Nafanya naye kazi chumba kimoja hapa Burundi, mtaa wa Mutanga Nord, kwa hiyo namjua. Akimaliza kupanga skrini husema, "Hii hata nyanya yangu ataitumia," kisha huyo, anakwenda kula. Mara nyingi husema kweli, na hilo ndilo linaloudhi.

Mwaka jana aliitengenezea kliniki moja ya mtaa wa Kinama programu ya kutafuta faili za wagonjwa. Mhudumu wa mapokezi pale alikuwa Consolate, mama wa miaka hamsini na ushei, aliyechomoa faili makabatini kwa miaka ishirini na miwili. Daktari Gélase, mwenye kliniki, alimpa wiki moja: aiweze mashine, la sivyo kiti apewe binti mmoja mwenye diploma.

Siku ya tatu tukapigiwa simu kwamba mama ameshindwa. Ingrid alikwenda amefura, nami nikamfuata. Tulimkuta Consolate akitoka jasho, mbele yake baba aliyebeba mtoto mwenye homa, na skrini inasema mgonjwa huyo hayupo.

"Mama, andika jina la ukoo tu! Kisanduku cha kwanza," Ingrid akasema.

"Nimeandika ya baba, mutoto wangu. Lakini huyu mutoto iko na jina yake. Na we, kaka yako anaitwa nani?"

Kaka yake Ingrid ni Hyacinthe Ndayizeye. Yeye ni Ingrid Nkurikiye. Tumbo moja, majina mawili, kama nyumba nyingi za Burundi. Kisanduku kile alikiiga kutoka kwenye fomu ya ng'ambo bila kufikiri. Nilicheka kwa sauti, akanikata jicho, kisha akamgeukia Consolate.

"Sasa we unawatafutaka namna gani, mama?"

"Mi nauliza jina ya mama yake na kartiye, mutaa yenye anakaa. Halafu nauliza mara ya mwisho alikuya na ugonjwa gani."

Ingrid akavuta kiti, akakaa kutwa nzima akimtazama Consolate akifanya kazi, akinakili kila swali lake. Kwa mtu kama yeye hiyo ni adhabu. Kesho yake alikifuta kile kisanduku, akaweka vitatu vya Consolate, kwa mpangilio uleule wa maswali yake.

Ijumaa daktari alisimama nyuma ya kiti cha mapokezi, mikono kifuani. Mgonjwa wa kwanza hakuwahi hata kukaa, faili yake ilikuwa imeshatokea. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu pia.

"Nani aliwaza hii?" daktari akauliza.

Nilingoja Ingrid ajipige kifua. Moyo wangu ulijaa niliposikia jibu lake: "Ni mama Consolate. Mi niliandika tu."

Daktari akakohoa. "Mama, nilikuwa nimeshamwambia yule binti aanze Jumatatu."

"Najua, daktari," Consolate akasema, macho yakiwa kwenye skrini. "Akuye tu. Nitamufundisha. Mutu mwengine aingie!"